Boksi linapasuka, kisu hakikati: kutafuta chanzo kwenye mashine ya dai

Katika karakana nyingi za maboksi, dai (ubao uliopangwa visu vya kukatia kadibodi na mistari ya chuma ya kuikunjia) ikigoma kukata kona moja, mkono wa fundi unakwenda moja kwa moja kwenye presha. Boksi likipasuka kwenye mkunjo, lawama inamwendea aliyeuza kadibodi. Njia zote mbili zinamaliza visu, zinapoteza mali na hazigusi ugonjwa wenyewe. Ugonjwa karibu kila mara umejificha katika moja ya sehemu tatu: tofauti ya urefu kati ya kisu na mstari wa kukunjia, uelekeo wa nyuzi za kadibodi, au unyevu uliomo ndani yake. Presha ni ya mwisho kabisa kuguswa.

Tofauti ya urefu naitanguliza kwa sababu ndiyo uvumbuzi wenyewe. Robert Gair alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1839, akahamia Marekani akiwa kijana, na baadaye akafungua biashara ya mifuko ya karatasi New York. Mwaka 1879 mashine yake ilikuwa ikitengeneza mifuko ya mbegu. Ukingo mmoja wa chuma, uliowekwa ili uache alama ya kukunjia tu, ukawa umepanda kuliko ulivyotakiwa. Badala ya kukunja, ukakata, na mifuko kwa maelfu ikaharibika. Mwenye karakana mwingine angemkaripia fundi na kuendelea na kazi. Gair akaona kwamba chuma kilekile kikiwa juu kinakata, kikiwa chini kidogo kinakunja. Basi vyuma virefu na vifupi vikipangwa pamoja, pigo moja linatoa boksi zima likiwa bapa, limekatwa na kutiwa mikunjo yake yote.

Kabla ya hapo maboksi ya kadibodi yalitengenezwa kwa kazi nyingi ya mikono, na yakasafirishwa yakiwa yameshasimama, mzigo mkubwa wa hewa tupu. Maboksi bapa ya Gair yalipangwa kwa mafungu na kukunjuliwa kwa mteja. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kampuni ya National Biscuit ilipoanza kuuza biskuti za Uneeda kwenye paketi za kadibodi badala ya mapipa, kazi ya kutengeneza paketi ilikwenda kwake. Majengo yake kule Brooklyn yaliongezeka hadi watu wakaliita eneo hilo Gairville.

Ajali ile ya 1879 bado inatokea kila siku kwenye mashine zetu, ila sasa tunaiita boksi kupasuka. Mstari wa kukunjia uliozidi urefu, hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, unaanza kufanya kazi ya kisu.

Vipimo vya kuanzia

Usianze kutafuta tatizo lolote bila maikromita, kifaa cha kupimia unene, mkononi. Kisu cha kawaida cha dai kina urefu wa milimita 23.8. Mstari wa kukunjia uwe na urefu wa kisu kutoa unene wa kadibodi. Dupleksi, kadibodi ya kawaida ya maboksi, ya gramu 300 kwa mita ya mraba hupima karibu milimita 0.4, kwa hiyo mstari unaoifaa ni wa 23.4 au chini yake kidogo. Angalia nimesema hupima "karibu". Gramu ni uzito, na kadibodi mbili za gramu 300 kutoka viwanda viwili zinaweza kupishana unene kwa kiasi cha kuharibu kazi nzima. Pima karatasi iliyopo mezani, sehemu kadhaa, usisome lebo.

Kisha kuna mfereji, ule ukanda unaobandikwa kwenye bamba la chuma mkabala na mstari wa kukunjia. Upana wake unapatikana hivi: unene wa kadibodi mara moja na nusu, ujumlishe unene wa mstari wenyewe. Kwa kadibodi ya 0.4 na mstari wa 0.7 unapata milimita 1.3. Kina cha mfereji kiwe sawa na unene wa kadibodi. Mikunjo inayokata nyuzi, yaani inayozikingama, inapenda mfereji mpana kidogo kuliko ile inayofuata nyuzi.

Na kabla ya kuingiza mkono popote: zima mashine, subiri gurudumu lisimame kabisa, ondoa umeme kwenye swichi kuu. Mashine ya plateni, ile inayobana karatasi kati ya nyuso mbili bapa, inafumba kama taya na haina habari kama ndani kuna karatasi au vidole. Kurekebisha karatasi iliyokaa upande wakati mashine inazunguka ndiko kulikowaondolea mafundi wengi vidole, na hakuna oda yenye haraka ya namna hiyo.

Boksi linapasuka kwenye mkunjo

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina sababu nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo litazame kwa utulivu.

Chukua boksi moja, likunje taratibu hadi pande mbili zigusane, kisha lisogeze dirishani ulitazame mkunjo kwa ndani na kwa nje. Upande wa ndani unatakiwa kuona kijituta cha duara, kimenyooka, sawa kulia na kushoto. Kijituta hicho ndicho kazi ya mkunjo. Mstari unapoisukuma kadibodi ndani ya mfereji, matabaka yake yanaachana kidogo katikati, na boksi linapokunjwa yanajikusanya upande wa ndani badala ya kuvuta uso wa nje. Uso usipovutwa haupasuki. Kwa hiyo swali unalojiuliza si kwa nini uso umepasuka. Jiulize kwa nini kijituta hakikujengeka.

Kikiwa kimeegemea upande mmoja, mfereji haukukaa katikati ya mstari. Ubandue, uusogeze, ubandike upya. Usijaribu kuusukuma kwa bisibisi ukiwa umegandamana. Kingo zake zitachubuka na mikunjo itatoka na makovu.

Kikiwa kimekatika au kina ncha kali, na uso wa nje una mkwaruzo mwembamba hata kabla ya kukunja, mstari ni mrefu mno au mfereji ni mwembamba mno. Pitisha kucha juu ya alama. Mkunjo mzuri una bonde laini; uliozidi una mtaro unaoshika kucha. Shusha urefu wa mstari kwanza, maana mfereji mpana peke yake hautaokoa mstari unaokata.

Kijituta kikiwa kizuri na bado rangi inapasuka, geukia nyuzi. Kadibodi inapotengenezwa nyuzi zake hulala kufuata mwendo wa mashine ya kiwandani, kwa hiyo kila karatasi ina upande wa nyuzi na upande wa kukata nyuzi. Kukunja sambamba na nyuzi ni rahisi. Kukunja kwa kuzikata ndiko kunakopasua. Njia ya haraka ya kujua: kata kipande cha mraba, loweka uso mmoja kwa maji, kiache. Kitajikunja kuwa bomba, na urefu wa bomba hilo ndio uelekeo wa nyuzi. Boksi lina mikunjo ya pande zote mbili, hilo halikwepeki, lakini kazi nyingi zinaharibika kwa sababu mtu aligeuza mpangilio kwenye karatasi kubwa ili apate maboksi mawili zaidi, akageuza na nyuzi bila kujua. Yale mawili ya ziada yanarudi na mzigo mzima uliokataliwa.

La mwisho ni ukavu. Nyuzi za karatasi zikiwa na unyevu wake wa kawaida zinapinda, zikikauka zinavunjika. Hapa mahali ulipo panahusika sana. Viwanda vya uchapaji hulenga unyevu wa hewa wa takriban asilimia 50. Mombasa na Dar es Salaam hewa huwa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Nairobi na Arusha wakati wa kiangazi, mchana, inaweza kushuka chini sana, na karatasi iliyotoka bandarini ikiwa sawa inafika bara, inafunguliwa, inakauka kingo. Karatasi iliyovuta unyevu ina kingo zenye mawimbi katikati pakiwa shwari. Iliyokauka ina kingo zilizokaza na katikati pamelegea. Ukiona dalili hiyo ya pili pamoja na mipasuko, dawa haipo kwenye dai. Acha mafungu yakae ndani ya chumba cha mashine yakiwa bado kwenye plastiki yake hadi yazoee joto la chumba, yafunguliwe siku ya kazi tu. Wasiwasi huohuo uwe nao kwa kazi iliyopita kwenye taa za kukaushia: joto linanyang'anya kadibodi unyevu, na ikipigwa dai palepale ikitoka kwenye taa itapasuka hata kama kila kipimo ni sahihi.

Boksi linasimama kwa ubishi, pande zinajifungua

Hapa hakuna mpasuko, ila ukikunja unaona boksi linarudi, au ubavu unavimba. Mkunjo ni dhaifu. Ama mstari ni mfupi mno, ama mfereji ni mpana mno, ama mfereji umejaa vumbi la karatasi. Anza na la mwisho kwa sababu halina gharama: piga mswaki mkavu ndani ya mifereji. Kama boksi la asubuhi lilikuwa zuri na la alasiri linabisha, na hakuna aliyegusa kitu, ni vumbi.

Kama kasoro ipo tangu karatasi ya kwanza, kagua pia kama mifereji iliyobandikwa ni ya kadibodi hii. Dai ikitumika leo kwa gramu 300 na kesho mteja akaleta 250, mifereji ya jana haifai tena.

Kisu hakikati sehemu moja

Sasa tumefika kwenye presha, na hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi. Dai ina visu vingi, na hakuna ubao wala bamba lililonyooka kabisa. Sehemu moja inakata, nyingine inaacha. Ukiongeza presha ya mashine nzima ili kufikia ile iliyobaki, visu vilivyokuwa tayari vinagusa bamba vinapigwa zaidi na kubutuka. Baada ya karatasi elfu kadhaa vile vilivyokuwa vizuri ndivyo vinakataa, unaongeza tena presha, na ubutu unahamia kwingine. Hivyo dai mpya inakufa kwa oda moja.

Fanya hivi. Punguza presha hadi karibu hakuna kisu kinachokata. Ipandishe polepole hadi takriban nusu ya mistari ikate vizuri. Hapo simama. Weka karatasi ya kaboni juu ya karatasi nyeupe, piga mara moja, na utapata picha ya dai nzima: mistari mizito, mistari hafifu, mapengo. Karatasi hiyo ndiyo ramani yako. Iweke nyuma ya dai ikiwa imelingana nayo kwa alama mbili za penseli kwenye kona, kisha kwenye mapengo bandika vipande vya utepe mwembamba wa karatasi wenye unene wa sehemu tano za mia za milimita. Piga tena. Penye ubishi ongeza kipande cha pili juu ya cha kwanza, kifupi kidogo, ili kusiwe na ngazi ya ghafla. Mistari mingine itaanza kukata yenyewe kwa sababu jirani zake zimeinuka.

Iandike ramani hiyo jina la kazi na tarehe, ihifadhi pamoja na dai. Mteja akirudi baada ya miezi, saa nzima ya matayarisho inakuwa dakika chache.

Ikiwa pengo linatokea mahali palepale kwa kila dai unayofunga, acha kubandika. Tatizo liko kwenye bamba au kwenye mashine. Ondoa bamba, ligeuze, tafuta alama za visu vya zamani au vipande vya karatasi vilivyonasa nyuma yake. Kama pengo limehama na bamba, badilisha bamba. Kama limebaki palepale, plateni haifumbi sawa, na hiyo ni kazi ya fundi mitambo.

Kingo zina vumbi na nyuzinyuzi

Kisu butu hupasua mahali pa kukata. Ukingo wenye manyoya ni kisu kilichochoka au presha iliyozidi, mara nyingi vyote viwili kwa sababu kimoja huzaa kingine. Chunguza na mipira iliyo kando ya visu, ile inayoisukuma karatasi iachie dai. Mpira uliobandikwa ukagusa kisu hutanuka unapobanwa, unakivuta kando, na kadibodi inakatwa ikiwa imevutwa. Acha nafasi ya karibu milimita moja. Kwa maboksi ya dawa na chakula usilifumbie macho vumbi hili. Linaishia ndani ya boksi la mteja.

Karatasi inasambaratika, au haiachii dai

Haya ni matatizo mawili yenye mizani moja. Visu huchongwa vipengo vidogo, nusu milimita hivi, ili karatasi ibaki imeshikana hadi itoke nje ya mashine. Ikisambaratika ndani, vipengo ni vichache au vimekaa vibaya: viweke zaidi upande unaotangulia kuingia, na kamwe visiwe mahali mteja anapoviona boksi likisimama. Ikinasa kwenye dai, mipira imechoka. Bonyeza kwa kidole. Mpira mzima unarudi mara moja. Uso wa mpira unatakiwa kuinuka juu ya ncha ya kisu kwa milimita moja au zaidi kidogo, na pembe nyembamba na matundu madogo yanahitaji mpira mgumu kuliko sehemu pana.

Mkato unahama kutoka kwenye picha

Rangi iko hapa, kisu kimepita pale. Angalia kama kosa ni lilelile kila karatasi au linacheza. La kudumu ni mpangilio: sogeza vizuizi. Linalocheza lina mzizi kwenye kulisha karatasi, kwa vidole vya mashine vilivyolegea, kizuizi cha pembeni kinachorusha karatasi, au mwendo wa kasi mno.

Lipo la tatu ambalo wengi hulisahau. Linaanza sawa katikati ya karatasi na kuzidi kuelekea kingo. Hapo karatasi yenyewe imebadilika ukubwa. Kadibodi ikinywa unyevu hutanuka kwa kukata nyuzi mara kadhaa zaidi kuliko kufuata nyuzi, kwa hiyo mzigo uliochapwa wiki moja na kukaa wazi wakati wa masika hautalingana tena na dai. Funika mafungu mara tu yanapotoka kwenye uchapaji. Hakikisha pia karatasi zilikatwa mraba kwenye gilotini na kwamba mchapaji na mpiga dai wanatumia kona ileile kama mwanzo. Wasipokubaliana kuhusu kona, hakuna marekebisho yatakayotulia.

Kadibodi ya mawimbi inabonyea

Mawimbi yana kanuni zake. Albert Jones wa New York alipopata hataza mwaka 1871 alikuwa na karatasi yenye mawimbi ya kufungia chupa na vioo vya taa, bila kitu cha kuyazuia yasilale. Mwaka 1874 Oliver Long aliyabandikia karatasi bapa. Nguvu yote ya boksi la mawimbi inatokana na mawimbi hayo kubaki yamesimama kati ya karatasi, na mashine ikiyalaza, boksi linaonekana zima lakini likipangwa chini ya mengine litaporomoka.

Pima unene kabla ya kupiga na baada ya kupiga, katikati ya ubavu na kando ya kisu. Ukubwa wa mawimbi hutajwa kwa herufi: wimbi la B huwa karibu milimita 3, la C karibu 4, la E karibu 1.5. Unene ukipungua kando ya visu pekee, mipira ni migumu mno; tumia laini na pana zaidi. Ukipungua ubavu mzima, roli za kulishia zimebana. Na mfereji hapa hauhesabiwi kwa unene wa kadibodi iliyosimama: chukua unene wake ikiwa imebanwa, uzidishe mara mbili, ujumlishe unene wa mstari.

Gundi inaachia

Usiongeze gundi kabla ya kulisoma pengo. Ling'oe sikio la boksi, ule ukingo unaopakwa gundi, taratibu. Zikitoka nyuzi pande zote mbili, gundi ilifanya kazi na kilichokosekana ni nguvu ya karatasi au eneo la kubandika. Ukikuta upande mmoja una utando wa gundi unaong'aa na mwingine ni msafi, ule msafi ulikataa. Karibu kila mara una vanishi au plastiki, kwa hiyo mwambie mchapaji aache sehemu ya sikio bila kupakwa. Kama utando unang'aa pande zote mbili, gundi ilikauka kabla pande hazijakutana: punguza muda kati ya kupaka na kubana, hasa kukiwa na feni karibu.

Boksi linaloshika vizuri lakini linatoka likiwa limepinda linaondoka kwenye mashine kabla gundi haijakaza. Liache chini ya uzito, mafungu yakiwa yamenyooka, na usiyafunge kamba siku hiyohiyo ikiwa hewa ni nzito, maana gundi nyeupe hukauka kwa kutoa maji na kwenye fungu lililobanwa maji hayo hayana pa kwenda.